Foleni ya VIP

Hakimu mmoja mstaafu kutoka Dodoma alipiga simu mapokezi akiwa chumbani kwake, akaomba taulo mbili. Kilichofika mlangoni kilikuwa sinia la pilau ya watu wawili, na kachumbari pembeni. Hakimu alikuwa amejifunga pazia la bafuni, maji yanamchuruzika miguuni, na mhudumu aliyeleta chakula, kwa adabu zake zote, akakaza macho juu ya fremu ya mlango na kusema, "Karibu chakula, mheshimiwa."

Bi Sihaba, aliyekuwa akipokea simu za Hoteli ya Mikokoni tangu ilipofunguliwa, aliapa kwamba pilau ndiyo aliyoisikia.

"Sauti ilikuja vipandevipande, mwanangu," alimweleza Zuhura. "Au... lau... mbili... haraka. Sasa wewe ungesikia nini? Na ilikuwa saa ya chakula."

Zuhura Shuaibu, fundi wa mtandao wa hoteli ile, alicheka mpaka akashika meza. Lakini alipoitwa kwa meneja alijikaza, akarekebisha ushungi, akaingia na uso wa msiba.

Meneja, Mzee Mwinyijuma, alikuwa mtu wa Bagamoyo wa asili, mnene, mweupe wa meno, mwenye kofia ya kufumwa iliyokaa kichwani kama imezaliwa naye. Alikuwa na maneno matamu. Wageni walioingia kwa hasira ofisini kwake walitoka wakimwombea dua. Hata yule hakimu alikuwa ameshatulizwa, na pilau ameila.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, niambie. Simu zetu zimeingiwa na nini?"

Zuhura alimweleza kwamba simu za vyumbani hazikuwa tena na waya wake. Zilipita waya uleule uliopitisha intaneti, na njia panda za nyaya hizo zilikuwa swichi, vile visanduku vyenye matundu mengi na taa za kijani vilivyofungwa ukutani nyuma ya chumba cha kufulia. Swichi hazikuwa zimeambiwa lolote. Kilichofika mwanzo zilikipitisha mwanzo, kiwe sauti ya hakimu au tamthilia ya Kituruki anayoitazama mtu jikoni.

"Na tamthilia ina mwili mkubwa, mzee. Ikishaingia njiani, sauti inabaki nyuma inasubiri. Filamu ikichelewa kidogo haina neno, inajiwekea akiba. Sauti ikichelewa inakuwa pilau."

Mzee Mwinyijuma alitikisa kichwa. "Dawa yake?"

"Tuziambie swichi nani apite kwanza. Ni kama shughuli ya harusi. Sinia la bwana harusi linatoka kwanza, halafu wageni wa mbali, halafu majirani. Waliokuja kupiga soga tu wanakula mwisho, kinachobaki. Simu zitakuwa foleni ya kwanza. Mashine za malipo na kompyuta za kupokelea wageni, ya pili. Wai-fai ya wageni, ya tatu. Halafu foleni ya mwisho, ya mambo yasiyo na haraka."

Meneja alisikiliza kwa makini mpaka mwisho. Kisha akaegemea nyuma, kiti kikalia.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe, mzee?"

"Mimi niko foleni ya ngapi?"

Zuhura alijua vizuri meneja anafanya nini kwenye mtandao. Kazi zake za hoteli alizimaliza asubuhi kwa simu. Mchana alijifungia ofisini, akavaa visikizio, akatazama mapambano ya ngumi ya miaka ya nyuma, moja baada ya jingine, mabega yakicheza na kichwa kikikwepa makonde. Kompyuta yake peke yake ilikula mtandao kuliko ghorofa nzima ya wageni.

"Tungekuweka na wageni, mzee. Foleni ya tatu."

"Ya tatu!" Mzee Mwinyijuma aliweka mkono kifuani. "Binti Shuaibu, hoteli hii ina meneja wangapi? Mimi niwe nyuma ya mashine ya malipo? Nyuma ya simu ya mtu anayeomba sabuni? Nitengenezee ya kwangu. Ya juu kabisa. Na iwe na jina lake."

Tangu utotoni Zuhura alikuwa na ugonjwa mmoja: akimwona mtu amejikweza, mikono inamwasha. Akainamisha kichwa, akasema kwa upole, "Sawa, mzee. Tuiite VIP?"

"Hapo sasa umesema."

Kesho yake Zuhura alijifungia nyuma ya chumba cha kufulia, akachomeka kompyuta yake kwenye swichi ya kwanza, na mashine za kufulia zikimngurumia ukutani akaanza kazi. Kila kilichotoka kwenye simu alikitia alama ya haraka, akaiamuru swichi kila inapoiona alama ile iipitishe bila kuuliza. Lakini aliiwekea na mpaka, simu zisije zikameza njia yote wengine wakafa njaa. Kisha akapanga foleni ya malipo, akapanga ya wageni. Akaenda swichi ya pili, akarudia yaleyale, na ya tatu, kwa sababu alama inayoheshimiwa hapa na kudharauliwa pale haina maana.

Ikabaki foleni ya mwisho. Ilihitaji jina. Zuhura alitazama huku na huku ingawa hakukuwa na mtu, akaandika: VIP.

Akatengeneza na wai-fai yenye jina hilohilo, na neno la siri "bosimkubwa", akaifunga kwenye foleni ile ya makombo. Kisha akashusha faili kubwa kwa makusudi, mtandao ukajaa pomoni, akampigia Bi Sihaba kutoka simu ya chumba kitupu.

"Naomba taulo mbili!"

"Taulo mbili, nimesikia," alijibu Bi Sihaba, sauti safi kama wamekaa mkeka mmoja. "Alhamdulillahi. Na usinipigie kelele, mimi si kiziwi."

Mchana Mzee Mwinyijuma akaingia VIP kwa mara ya kwanza. Zuhura alisimama nyuma yake akingoja kuumbuka. Lakini saa zile hoteli ilikuwa tulivu, njia ilikuwa wazi, na mtu wa mwisho kwenye foleni isiyo na watu anahudumiwa kama wa kwanza. Pambano likafunguka mara moja, bondia wa kwanza akaenda chini.

"Umeona?" meneja alisema, ameridhika. "Umeona tofauti?"

"Naiona, mzee."

Hapo ndipo Zuhura angeweza kumwambia, wakacheka, yakaisha. Hakumwambia. Raha ilikuwa nyingi mno.

Kilichofuata hakukipanga. Mzee Mwinyijuma alikuwa mtu wa kujikweza, lakini hakuwa bahili. Kitu kizuri alipenda kumegea watu wake. Akamnong'oneza neno la siri Farhan, mhasibu, kijana mtanashati wa kutoka Dar aliyevaa tai hata siku za joto. Akampa mkuu wa jikoni. Akawapa madereva wa hoteli. Kila aliyepewa aliambiwa asimwambie mtu, na kila mmoja akaondoka amenyanyua mabega.

"Zuu, mimi sasa niko VIP," Farhan alimwambia Zuhura kwenye korido, akijifuta jasho shingoni. "Ile mitandao yenu ya raia nimewaachia. Huku intaneti inateleza, unaambiwa!"

"Hongera, kaka. Wachache wanaofika huko."

Zuhura alirudi kwenye kiti chake, akafungua ukurasa unaoonyesha nani anatumia nini, akaziba mdomo kwa ushungi. Tamthilia za jikoni zilikuwa VIP. Miziki ya madereva, VIP. Ngumi za meneja, VIP. Wote waliokuwa wakiisonga njia walikuwa wamejipeleka wenyewe kwenye foleni ya mwisho, kwa kunong'onezana na kwa furaha. Simu zilisikika, malipo yalipita, wageni hawakulalamika. Hata angekwenda na fimbo kuwatoa njiani mmoja mmoja, asingefanikiwa hivyo.

Aliyekataa alikuwa Bi Sihaba peke yake. Meneja alimpa neno la siri, akalirudisha. "Mimi nina simu yangu hapa na wageni wangu," alisema. "Mambo ya wakubwa waachieni wakubwa."

Zuhura akawa anakwenda kazini anacheka njiani. Mpaka ikafika Jumamosi ya harusi.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa umekodiwa na ndugu wa mke wa Mzee Mwinyijuma, na yeye, kama mjomba wa bi harusi, hakutaka wakwe waone udogo wake. Akawaambia mlangoni, akipeana nao mikono, kwamba wasitumie wai-fai ya kawaida; wao ni watu wake, waingie VIP. Wakaingia. Akina mama waliojipamba kwa hina na udi wakanyanyua simu juu, wakarusha harusi moja kwa moja kwa jamaa wa Kerege, wa Tanga na wa Unguja, kila mmoja kutoka pembe yake.

Na saa ileile Bi Yasmini, mwenye hoteli, ambaye aliishi Maskati na kuja Bagamoyo mara chache, akaitisha mkutano wa video. Alikuwa amekaa na mawakala wa safari waliotaka kuleta wageni msimu mzima, wakitaka kumwona meneja na kumsikia. Wafanyakazi wote walijua kwamba wageni wale wakija, hakuna atakayepunguzwa kazi mwaka ule. Wasipokuja, Mungu anajua.

Mzee Mwinyijuma alivaa koti jipya, akakaa mbele ya kompyuta, akaikagua kwamba iko VIP, akavuta pumzi. Zuhura alikuwa ukumbini akishughulikia spika iliyogoma. Simu yake ikalia, Farhan.

"Zuu, njoo mbio. Mzee ameganda."

"Ameganda nini? Presha?"

"Kwenye kioo!"

Alipofika ofisini alimkuta Mzee Mwinyijuma mzima wa afya, anatokwa na jasho, anazungumza na kompyuta kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Kwenye kona ya kioo, picha yake mwenyewe, ile iliyokuwa ikifika Maskati, ilikuwa imesimama tuli: jicho moja limefumba, mdomo wazi, kidole kimenyanyuliwa. Mawakala walionekana kwa vipande, uso mmoja una kidevu cha mwenzake.

"Niongeze!" meneja alifoka alipomwona Zuhura. "Niongeze VIP! Hii haitoshi!"

Kicheko chote cha wiki zile kilimwisha Zuhura. Alimtazama mzee yule na koti lake jipya, mzee aliyempa ruhusa bila swali mama yake alipolazwa, na sasa amekaa mbele ya watu wa Maskati kama samaki aliyetolewa majini, kwa kazi ya mikono yake yeye Zuhura.

Akavuta waya kutoka ukutani, ule wa kompyuta za mapokezi. "Mzee, tuchomeke huu. Haraka."

"Waya?" Mzee Mwinyijuma aliukwepa kama konde. "Huo si wa makarani? Nitoke VIP niende kwenye waya wa makarani, mbele ya Bi Yasmini?"

"Mzee, nakuomba."

"Sitoki! Nimesema niongeze!"

Zuhura akamgeukia Farhan. "Kaka, kamwambie Bi Sihaba asiache simu hata dakika." Farhan akatoka mbio, tai begani. Mlango ulipofungwa Zuhura akainama, akasema kwa haraka, "VIP ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho nini?"

"Foleni ya mwisho, mzee. Ya makombo. Niliiita VIP kwa utani. Ukiwa huko, kila mtu anapita kwanza, hata mwenye kuomba sabuni. Na leo umeijaza harusi nzima."

Mzee Mwinyijuma alimtazama. Kwenye kona ya kioo yule Mwinyijuma mwingine alikuwa bado na kidole juu. Zuhura alianza kufikiria atamwambia nini mama yake jioni kuhusu kazi iliyopotea.

Simu ya mezani ikalia.

"Mzee," ilisema sauti ya Bi Sihaba, "Bi Yasmini huyu hapa. Namuunganisha."

"Mwinyijuma!" Sauti ya Bi Yasmini ilijaa chumba, safi, na hasira yake yote. "Mbona umeganda? Tunatazama mdomo wako tu huku. Wageni wananiuliza kama hoteli ina intaneti!"

Mzee Mwinyijuma alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa yule yule wa kila siku. Akajiweka sawa kitini, akatabasamu ingawa hakuna aliyemwona.

"Bi Yasmini, shikamoo. Mimi sikuganda, mama. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilitaka wageni wetu waone utulivu wa mahali hapa."

Kisha kule Maskati mtu mmoja akapasuka kicheko, na wa pili, na kupitia simu ile Zuhura akamsikia Bi Yasmini naye akicheka bila kutaka.

"Niweke kwenye spika, mama," meneja aliendelea, na mkono wake wa pili ukaielekeza kompyuta kwa Zuhura, kidole kikimwonyesha tundu la waya. "Niweke kwenye spika niwasimulie. Sasa hivi ninavyozungumza tuna harusi ukumbini. Mnaisikia?" Akanyanyua mkono wa simu kuelekea dirishani, na vigelegele vya akina mama vikaenda mpaka Maskati. "Hao ni wenyeji wetu. Mgeni akifika Mikokoni hapewi ufunguo kwanza. Anaulizwa ametokaje huko, na njia ilikuwaje, na ameshakula..."

Alizungumza vile, hana karatasi wala picha, kwa sauti peke yake. Aliwaeleza jinsi maji yanavyokupwa asubuhi hadi mtu anatembea alipoogelea jana, na jinsi mkuu wa jikoni anavyogombana na samaki kabla ya kumpika. Zuhura, amepiga magoti chini ya meza na waya mkononi, alijikuta anasikiliza mpaka akasahau kuchomeka. Meneja akamgusa kwa ncha ya kiatu. Akachomeka. Kioo kikatetemeka, yule aliyeganda akapotea, na mahali pake akatokea Mzee Mwinyijuma anayetabasamu, koti limenyooka.

"Na huyu hapa ndiye mimi," alisema, akaweka simu chini taratibu, "mkitaka kunitazama."

Mkutano ulipokwisha mawakala walikuwa wanabishana juu ya nani aje kwanza kuikagua hoteli. Bi Yasmini aliaga kwa kumwambia meneja wake kwamba ana wazimu.

Harusi iliendelea kule nje. Zuhura alisimama mbele ya meza, mikono ameifumbata.

"Nisamehe, mzee. Nilikosa adabu. Kama ni barua, nitaipokea."

Mzee Mwinyijuma alivua kofia, akajipepea. "Kwa hiyo siku zote hizo," alisema polepole, "nilikuwa nyuma ya sabuni."

"Nyuma ya sabuni, mzee."

"Na Farhan?"

"Pamoja na wewe."

"Na tai yake?"

"Na tai yake."

Mabega ya meneja yakaanza kutikisika. Zuhura alidhani ni hasira, akarudi hatua nyuma. Kumbe kilikuwa kicheko, kilichoanzia chini kabisa tumboni na kupanda taratibu, mpaka mzee akalaza kichwa mezani na kupiga meza kwa kiganja. Alipoinuka macho yalikuwa na maji.

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe tu."

"Basi iwe hivyo hivyo." Akavaa kofia yake. "Mimi niache kwenye waya huu wa makarani. Ngumi nitazitazama nyumbani, mke wangu avumilie. Wengine usiwaguse. Waache VIP, wamestarehe." Kisha akanyoosha mkono. "Lete simu yako."

Zuhura akampa. Mzee Mwinyijuma alivaa miwani, akatafuta, akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: bosimkubwa.

"Na wewe utakaa humo humo," alisema, akimrudishia. "Mpaka nitakapokwambia utoke. Na nitakuwa napita kukagua."

Alipita kweli. Siku zilizofuata alimkuta Zuhura mezani pake, simu mbele yake, kiduara kinazunguka kwenye kioo. Dada yake Sophia wa Msata alikuwa amemtumia video ya mwanawe anayejifunza kutembea, na Zuhura alikuwa ameona unyayo wa mtoto tu.

Farhan naye akaingia, uso umemkunjika. "Mzee, samahani. Hii VIP siku hizi imekuwa nzito. Haikimbii kama zamani."

Mzee Mwinyijuma alimwekea mkono begani, kwa huruma ya baba. "Farhan, mwanangu. Wewe umewahi kumwona mtu mkubwa anakimbia?"

Farhan alifikiri. Taratibu uso ukamkunjuka, akakaza tai yake, akatoka kwa mwendo wa pole, mikono nyuma. Zuhura alijiziba mdomo kwa ushungi, machozi yanamtoka.

Meneja akainama juu ya bega lake, akakitazama kiduara kinachozunguka. "Mtoto amefika?"

"Bado, mzee."

"Subiri tu. Ndio kwanza mwenye kuomba sabuni anapita." Akaenda zake, anapiga mluzi.